"Dereva Amelala": Maoni Kuhusu -me- ya Kiswahili na Njeo Timilifu ya Kiingereza

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahusu njeo moja ya Kiingereza ambayo mwanafunzi wa Tanzania hufundishwa katika shule ya sekondari, hurudishiwa mwaka hadi mwaka, na aghalabu huhitimu chuo kikuu bila kuimudu. Ni njeo inayoundwa kwa kitenzi kisaidizi "have" au "has" kikifuatwa na umbo la tatu la kitenzi kikuu, kama katika sentensi "The bus has arrived". Katika vitabu vyetu huitwa wakati uliopo hali timilifu. Hapa tutaiita njeo timilifu kwa kufupisha maneno, ingawa tunatambua kuwa wapo wanaisimu ambao wangependa kuihesabu kuwa ni hali wala si njeo. Ugomvi huo una mahali pake, nasi hatutauingia.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu makosa ya njeo hii ni mepesi: wanafunzi hawasomi, walimu wenyewe hawajui, Kiingereza kimeshuka. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilikwisha kuonyesha kuwa kiwango cha Kiingereza katika shule za sekondari za Tanzania hakikutosha kufundishia masomo mengine, na tangu hapo kila kosa la mwanafunzi limekuwa likitupwa katika kapu hilo moja. Lakini kosa la mtu asiyejua kitu hutawanyika ovyo. Makosa ya njeo timilifu hayatawanyiki. Yanarudi pale pale, katika vitenzi vile vile na pamoja na vielezi vile vile, kwa mwanafunzi wa Temeke na wa Kinondoni sawia. Kosa lenye mpangilio huwa na kanuni nyuma yake. Dai letu ni kwamba kanuni hiyo ni ya Kiswahili, na kwamba sisi tunaofundisha sarufi ya Kiswahili ndio tulioieleza vibaya. Tumewaambia wanafunzi kwamba "have" ndiyo -me-, nao wametusadiki.

2.0 Sokoni na darasani

Mifano yetu tumeitafuta Mabibo, kitongoji kilichokuwa katika Wilaya ya Kinondoni na ambacho sasa kimo katika Wilaya ya Ubungo. Jina lake ni la tunda la mkorosho, lakini biashara inayokitambulisha leo ni ya tunda jingine: soko la Mahakama ya Ndizi. Mabibo pia ndiko kuliko na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pamoja na mabweni ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa hiyo katika eneo dogo linaloweza kutembewa kwa miguu, mtu husikia -me- ya sokoni na ya kituo cha daladala, kisha akaingia penye watu wanaotakiwa kuandika ripoti na mitihani kwa Kiingereza. Kwa uchunguzi wa aina hii sijui kama pana mahali pazuri zaidi jijini.

Tazama sentensi zifuatazo, ambazo mtu yeyote anayepita sokoni au kituoni anaweza kuzisikia kabla ya saa tatu asubuhi:

(1) Ndizi zimeiva.
(2) Gari limejaa.
(3) Abiria wamesimama.
(4) Mwenye mzigo amekasirika.
(5) Dereva amelala.

Zote zina -me-. Hata hivyo, hakuna hata moja ambayo msemaji wake anakusudia kueleza tukio lililokamilika. Anayesema (1) anaeleza jinsi ndizi zilivyo. Siku zilipoiva hazimhusu. Kondakta anayesema (2) anatueleza kwamba hakuna nafasi. Abiria wa (3) wako wima sasa hivi, na mwenye mzigo wa (4) yuko mbele yetu amekunja uso. Katika sentensi hizi -me- inaeleza hali iliyopo, ambayo ni matokeo ya badiliko fulani lililotangulia. Vitenzi vya aina hii ni vingi katika Kiswahili, navyo ni vya kila siku: kukaa, kusimama, kulala, kuinama, kuvaa, kuchoka, kunyamaza, kulewa, kupotea, kujaa, kuiva, kuoza, kufa. Vyote hueleza kuingia katika hali. Mtu akishaingia, -me- ndiyo inayosema kwamba yumo.

Kiingereza hakifanyi hivyo. Kwa hali iliyopo hutumia kitenzi "be" pamoja na kivumishi au umbo jingine: ndizi "are ripe", gari "is full", abiria "are standing". Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba -me- ni "have" huandika "The passengers have stood", na mwalimu hupitisha wino mwekundu bila kueleza kitu, kwa kuwa sentensi yenyewe ni sahihi kimaumbo. Haina kosa la sarufi ambalo mwalimu anaweza kulinyooshea kidole. Inasema tu jambo jingine.

Sentensi ya (5) ndiyo inayotupa sababu ya kulichukua suala hili kwa uzito. Tuseme kijana anayejifunza usimamizi wa usafirishaji ameagizwa aandike kwa Kiingereza taarifa fupi kuhusu safari ya usiku. Amemkuta dereva amejilaza kitini, macho yamefumba, na saa ya kuondoka imewadia. Kwa Kiswahili angesema "Dereva amelala", na kila mtu angeelewa kwamba safari haiwezi kuanza. Akiifuata kanuni aliyofundishwa ataandika "The driver has slept". Kwa msomaji wa Kiingereza maana yake ni kwamba dereva amekwisha pata usingizi wake, ameburudika, na yuko tayari kushika usukani. Taarifa imegeuka kinyume chake kabisa. Wala haina alama yoyote ya kumshtua msomaji: tahajia ni sawa, upatanisho wa kiima na kitenzi ni sawa, umbo la kitenzi ni sawa. Mkaguzi angeiweka sahihi.

Kundi la pili la makosa linatokana na vielezi vya wakati. Sokoni tunasikia:

(6) Mzigo umefika jana.
(7) Nimepoteza kitambulisho changu wiki iliyopita.

Wapo walimu wa Kiswahili ambao wangezisahihisha sentensi hizi na kudai -li-. Tunawaheshimu, lakini hawasikilizwi. Magazeti yetu huandika kila siku kwamba waziri fulani amesema jana, na hakuna msomaji anayelitupa gazeti kwa sababu hiyo. Katika Kiswahili cha Dar es Salaam -me- inaweza kukaa pamoja na jana, juzi na hata mwaka jana, mradi jambo linalosemwa lina uzito kwa wanaozungumza sasa. Kiingereza sanifu hakikubali. "I have lost my identity card last week" ni sentensi ambayo kila afisa anayepokea maombi ya wananchi ameisoma mara nyingi, na kila mtahini huitia alama ya kosa.

Kundi la tatu linakwenda upande wa pili, na ndilo linaloonyesha kwamba shida si mazoea ya kuitumia "have" kupita kiasi. Mkazi wa Mabibo husema:

(8) Niko Mabibo tangu mwaka 2015.
(9) Ninafanya kazi hapa miaka kumi sasa.

Hapa Kiswahili kimetumia wakati uliopo, na hakuna -me- ya kumkumbusha mwanafunzi "have". Kwa hiyo ataandika "I am working here for ten years", mahali ambapo Kiingereza kinadai "I have worked" au "I have been working". Mwanafunzi yule yule aliyeiweka "have" mahali pasipotakiwa anaiacha mahali inapotakiwa. Walimu humshangaa. Kumbe amekuwa mwaminifu mno kwa kanuni waliyompa: penye -me- aliweka, pasipo na -me- hakuweka. (Inafaa kutaja kando kwamba watafsiri wetu wa habari wameitengenezea sentensi ya (9) umbo la "nimekuwa nikifanya kazi hapa kwa miaka kumi". Mimi naona umbo hilo lina harufu ya Kiingereza, ingawa limekwisha kuzoeleka na hata makala haya hayakulikwepa.)

3.0 Jina lilikotoka

Tulifikaje hapa? Edward Steere, alipoandika mwongozo wake wa Kiswahili uliotolewa mwaka 1870, aliiweka -me- chini ya jina la njeo timilifu ya sasa, kwa kuilinganisha na njeo ya Kiingereza yenye "have". Hilo halikuwa kosa kwa lengo lake. Alikuwa akiwaandikia Waingereza waliotaka kujifunza Kiswahili, nao walihitaji mahali pa kuanzia. Mwaka 1944 E. O. Ashton alikuwa mwangalifu zaidi: aliziita njeo za Kiswahili kwa viambishi vyake, akawa na njeo ya -me-, ya -li- na ya -na-, na akaeleza kwamba -me- huonyesha ukamilifu wa tendo pamoja na hali inayofuatia. Lakini vitabu vya shule vilivyoandikwa baadaye kwa Kiswahili vilirudi kwenye jina la kwanza na kulitafsiri. Jina lililotungwa kumsaidia Mwingereza aelewe -me- likawa maelezo ya -me- kwa Mswahili. Kisha Mswahili huyo akalitumia jina hilo hilo kuelewa Kiingereza. Ni kama mtu aliyeazima kioo cha jirani ili ajitazame, halafu akadhani kwamba uso aliouona humo ni wa jirani.

Historia ya kiambishi chenyewe inaonyesha kwa nini hakiwezi kuwa pacha wa "have". Wanaisimu wa Kibantu kwa jumla wanakubaliana kwamba -me- ni mabaki ya kitenzi cha kale chenye maana ya kumaliza. Hapo zamani, basi, ilisema hasa kwamba tendo limekwisha. Kwa kutumika sana ilichakaa ikawa ya hali iliyopo na ya jambo jipya lenye uzito. Kiswahili hakikukaa bila chombo. Kilichukua kitenzi kingine chenye maana ile ile, kwisha, kikakipitisha katika njia ile ile. Kutoka "nimekwisha kula" tukapata "nimekwishakula", kisha "nimeshakula", na katika mazungumzo ya haraka "nshakula". Lugha imelijenga upya kwa -mesha- lile ambalo -me- ilikuwa ikilibeba. Mtu anayetaka Kiswahili cha "I have already eaten" atakipata hapo, si kwa -me- peke yake.

Nayo "have" ina safari yake, iliyoanzia katika maana ya kumiliki kitu kilicho katika hali fulani. Lugha za jirani zake zilipita njia hiyo hiyo zikaishia kwingine. Mfaransa husema "je l'ai vu hier" na Mjerumani husema "ich habe ihn gestern gesehen", maana yake nilimwona jana, na wote wawili wanatumia umbo lililoundwa kama la Kiingereza pamoja na neno la jana. Kwa hiyo anayemcheka kijana wa Mabibo kwa kuandika "I have seen him yesterday" afahamu kwamba kijana huyo yuko pamoja na Paris na Berlin. Aliye peke yake ni Mwingereza. Hata Mmarekani mara nyingi huiacha "have" na kusema "I just ate" pale ambapo Mwingereza angesema "I have just eaten".

Upekee wa Kiingereza unaelezeka vizuri kwa njia ya Hans Reichenbach, aliyependekeza mwaka 1947 kwamba njeo zitazamwe kwa nyakati tatu: wakati wa kusema, wakati wa tukio, na wakati wa marejeo, yaani mahali anaposimama msemaji anapolitazama tukio. Katika "I saw him" msemaji amehama, amekwenda kusimama huko nyuma pamoja na tukio. Katika "I have seen him" tukio liko nyuma lakini msemaji hakuhama, anasimama leo. Kielezi kama "yesterday" humvuta msemaji aende nyuma, na "have" inamzuia asiende. Ndiyo maana haviwezi kukaa pamoja.

4.0 Pahali pa kuanzia ni -ja-

Mpaka hapa tumebomoa tu. Swali ni kama Kiswahili kina umbo lolote ambalo mwanafunzi analimudu tayari na ambalo linatenda kama "have". Lipo. Halikutafutwa kwa sababu waandishi wa sarufi hupenda kuanza na sentensi yakinishi, na kulitupa kanusho katika jedwali la mwisho wa sura.

(10) Basi halijafika.
(11) Basi halikufika.

Hakuna mtoto wa Mabibo anayezichanganya sentensi hizi. Aliyeko kituoni akiambiwa (10) ataendelea kusubiri. Akiambiwa (11) atajua kwamba habari imefungwa. Kiingereza nacho kina "The bus has not arrived" na "The bus did not arrive", na tofauti ni ile ile. Tena -ja- inakataa jana. Mtu husema "basi halikufika jana", lakini "basi halijafika jana" ni sentensi inayokwaruza sikio, na katika kuwauliza wazungumzaji sijampata aliyeikubali. Ikilazimu kulitaja jana, tunaongeza kitenzi kisaidizi cha kumpeleka msemaji huko: "hadi jana basi lilikuwa halijafika". Huku ndiko kuhama kwa Reichenbach, na mama anayeuza ndizi anakufanya bila kusoma mantiki.

Halafu -ja- inapatana na "tangu". "Hajala tangu asubuhi", "sijamwona tangu mwaka 2015": weka "has not eaten" na "have not seen" na hutakosea. Hata sentensi ya (9), ambayo haina -me- wala -ja-, ikipingwa huitoa -ja- iliyojificha ndani yake. Anayesema amefanya kazi mahali miaka kumi, na mwenzake akamkatalia, ataambiwa: "Wewe hujafanya kazi hapa miaka kumi." Kanusho limetuonyesha njeo ambayo yakinishi iliificha.

Na dereva? "Dereva hajalala tangu jana" ni "The driver has not slept since yesterday", neno kwa neno. Mwanafunzi anayelijua hilo anaweza kuonyeshwa kwamba "The driver has slept" ndiyo kinyume cha sentensi hii, yaani si kweli kwamba hajalala tangu jana. Kwa Kiswahili kinyume hicho hatukisemi kwa "amelala" tupu. Tunasema "alilala vya kutosha", au tunazunguka kwa maneno mengine. Mwanafunzi akiliona hilo mara moja, hawezi tena kumwandikia mtu kuwa "has slept" naye yuko anakoroma.

Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kupewa maswali mawili ya kujiuliza mbele ya kila -me-. Swali la kwanza: je, sentensi hii ingeweza kuwa jibu la "yukoje?" au "zikoje?" Ndizi zikoje? Zimeiva. Dereva yukoje? Amelala. Kama jibu ni ndiyo, aiweke kando "have" na kutafuta "be". Swali la pili ni kwa sentensi zilizobaki: mtu akinipinga, atatumia -ja- au -ku-? "Mzigo umefika jana" hupingwa kwa "haukufika jana", hivyo Kiingereza chake ni "arrived". "Mzigo umefika", bila jana, hupingwa kwa "haujafika", na hapo ndipo "has arrived" inapokaa. Mwalimu hahitaji kamusi wala chati kuyafundisha haya. Anahitaji ruhusa ya kusema Kiswahili.

Isifikiriwe kwamba -ja- haina miiba yake. Kwanza, ndani yake mna tazamio: jambo halijatokea lakini laweza kutokea. "Hajaoa" husemwa juu ya kijana anayetarajiwa kuoa, na methali isemayo hujafa hujaumbika imesimama juu ya tazamio hilo hilo. "Have not" peke yake haina tazamio. Kiingereza hulileta kwa "yet". Tena fomu ikiuliza hali ya ndoa, aliye "sijaolewa" ataandika "I am not married", kwa kuwa hapo tumerudi kwenye swali la hali. Pili, baada ya neno "kabla" -ja- haikanushi kitu. "Kabla hajafika" si "before he has not arrived", kosa ambalo tumelisoma katika insha za wanafunzi wenye akili nzuri kabisa. Ni "before he arrives". Tatu, wasemaji wa pwani na Zanzibar hutumia -ku- hata kwa hali iliyopo: "mtoto hakuvaa viatu" yaweza kusemwa juu ya mtoto aliye mbele yetu sasa, miguu mitupu. Kwa wanafunzi wao maswali yetu mawili yatahitaji marekebisho.

5.0 Pingamizi

Wapo watakaosema kwamba kuingiza Kiswahili katika somo la Kiingereza ni kumrudisha mwanafunzi nyuma. Hili ndilo pingamizi lenye nguvu nchini, si kwa hoja zake bali kwa mbao zake: katika shule nyingi ubao wa kumwamuru mwanafunzi aseme Kiingereza tu ndio wa kwanza kuonekana langoni. Elimu ya msingi ya serikali imetolewa kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na pendekezo la Tume ya Makweta ya 1982 la kukipeleka Kiswahili hadi sekondari halikutekelezwa. Matokeo yake mtoto aliyefundishwa kila kitu kwa Kiswahili huelezwa njeo za Kiingereza kwa Kiingereza ambacho bado hakijui. Kiswahili kinaweza kukatazwa mdomoni. Kichwani hakina mlango wa kutokea, na huko ndiko -me- inakofanya kazi yake kimya kimya, bila mwalimu kuiona wala kuisahihisha.

Linganisha na upande wa pili. Mwingereza aliyetaka kujifunza Kiswahili aliandikiwa na Steere kwa Kiingereza, na miaka 74 baadaye akaandikiwa na Ashton kwa Kiingereza, kila kiambishi kikilinganishwa na lugha ya mama yake. Hakuna aliyemwambia kwamba Kiingereza chake ni kizuizi. Sarufi bora za Kiswahili zilizoandikwa kwa ajili ya wageni ni sarufi za ulinganishi. Mtoto wa Mabibo anayekwenda upande wa pili wa daraja lile lile ananyimwa kitabu cha namna hiyo, kisha anaitwa mzito wa kuelewa.

Pingamizi la pili ni la wanaisimu wenzetu, nalo ni la kuvutia zaidi. Kiingereza, wanasema, si cha Waingereza peke yao. Wahindi na Waafrika wengi huitumia "have" pamoja na wakati uliopita, na pengine "I have seen him yesterday" ni Kiingereza halali cha Afrika Mashariki. Kwa sentensi za (6) na (7) tuko tayari kulifikiria, maana msomaji haelewi vibaya, huudhika tu. Lakini mtahini wa kidato cha nne na mhariri wa jarida la nje hawajaafiki, na anayeumia kwa kutoafiki kwao ni mwanafunzi, si sisi tunaoandika nadharia. Kwa sentensi ya (5) pingamizi hili halisaidii hata kidogo. Lahaja mpya ya Kiingereza inaweza kumruhusu dereva alale jana au leo. Haiwezi kumfanya msomaji wa Nairobi au wa London ajue kwamba aliye "has slept" hajaamka.

La tatu ni kwamba wengi wa wanafunzi wetu Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Ni kweli. Ndizi za Mabibo hutoka Rungwe, Kilimanjaro na kwingineko, na wanaozileta wana lugha zao. Henry Muzale, katika tasnifu yake ya mwaka 1998 kuhusu njeo na hali za lugha za Kirutara, ameonyesha jinsi Kihaya na ndugu zake zinavyotenga wakati uliopita wa leo na ule wa siku za nyuma. Mwanafunzi mwenye lugha ya namna hiyo huenda ana ngazi nyingine za kupandia, labda bora kuliko zetu. Lakini hilo linaongeza haja ya ulinganishi, haliipunguzi.

Idara za Kiingereza hazitaifanya kazi hii, kwa sababu inahitaji mtu anayeijua -me- kwa undani. Ni yetu. Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha ya mwaka 1990 ilitupa istilahi za kutosha kuieleza lugha yoyote kwa Kiswahili. Kinachokosekana ni sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya kidato cha kwanza na cha pili, ambayo sura yake ya njeo timilifu itaanza na basi ambalo halijafika. Kabla ya kuiandika yako mambo ambayo tasnifu mbili tatu za umahiri zingeweza kuyapatia majibu: kama "halijafika jana" inakataliwa na wazungumzaji wote au na wa mjini tu; ni vitenzi vipi hasa ambavyo -me- yake ni ya hali na vipi vina maana mbili, kama "amekaa" ya kitini na "amekaa" ya kuishi mahali; na mpaka kati ya "hakuvaa" na "hajavaa" unapita wapi mtu anapotoka Unguja kuja Dar es Salaam. Mwanafunzi atakayelichukua la mwisho asiridhike na kuketi maktabani. Boti za asubuhi bandarini zina wazungumzaji wa pande zote mbili, na safari inachukua muda wa kutosha kuuliza.